Makumbusho ya kilimo na maisha ya vijijini pale Reading, Uingereza: kuna habari za vibarua au ni mashine tu?

Mpanda Mbegu:

Habari wakuu, poleni na majukumu.

Niko huku Uingereza kimasomo, nachukua uchumi wa kilimo, na tumepewa kazi ya kuandika jinsi mashine zilivyobadilisha maisha ya vibarua wa mashambani. Siyo mavuno yaliongezeka kiasi gani, hayo yako kwenye kila kitabu, wanataka maisha yenyewe, mtu alifanya kazi gani msimu gani, alilipwaje, mashine ilipoingia yeye alienda wapi. Sasa kuna mwenzangu kaniambia niende Reading kwenye makumbusho yanayoitwa Museum of English Rural Life, wenyewe wanafupisha MERL, kwamba yamejaa vitu vya mashambani vya enzi na enzi.

Wasiwasi wangu ni huu. Makumbusho mengi ya kilimo niliyoyaona kwenye video yako namna moja, trekta limepigwa rangi linang'aa, pembeni kibao kina jina la kiwanda na mwaka, unapiga picha unahamia trekta la pili. Aliyekaa juu ya hilo trekta kwenye mvua huoni sura yake wala mshahara wake. Nikifika nikakuta hivyo hivyo sijui nitaandika nini.

Kwa hiyo waliofika pale, au wanaoijua historia ya kilimo cha Waingereza, naomba msaada: nikiingia mle niangalie nini na nikiangalieje mpaka kile chombo kiniambie habari za mtu? Na kama kuna sehemu nyingine nzuri zaidi nitajieni. Natanguliza shukrani.

---

Bint Mavuno:

Nenda tu mkuu, wala usisite. Kiingilio bure, na kutoka London unapanda treni pale Paddington, ukipata ile ya haraka ni chini ya nusu saa uko Reading, halafu unaweza kutembea kwa mguu mpaka Redlands Road. Siku za kufungua angalia kwenye tovuti yao kabla hujatoka maana hawafungui siku zote za wiki.

Ila kabla hujaenda ujue yalianzaje, maana hiyo inaeleza nusu ya utakachokiona. Chuo cha Reading kiliyaanzisha 1951, vita kuu ya pili imeisha juzi tu, na mashamba ya Uingereza yalikuwa yanabadilika kwa kasi ambayo hata wakulima wenyewe iliwashangaza. Vita ilipoanza 1939 nchi nzima ilikuwa na matrekta 50,000 na kitu, kufika 1946 yamepita 200,000. Hebu fikiria hapo farasi wangapi hawana kazi tena, na farasi akiondoka haondoki peke yake, anaondoka na aliyekuwa anamlisha alfajiri, na mhunzi wa kumpigia viatu, na mshona ngozi, na fundi wa magurudumu ya magari. Vitu vya hao watu vilikuwa vinachomwa kuni au vinauzwa chuma chakavu, vingine vinaozea nyuma ya ghala. Ndo chuo kikaona tusipokusanya sasa hivi hakuna atakayekusanya tena, wakaanza kupita vijijini wanachukua vitu na kuuliza vilitumikaje. Kwa hiyo usiyachukulie kama stoo ya tajiri aliyependa vitu vya kale, haya yalianza kama kazi ya uokoaji.

Pale Redlands Road walihamia 2005, wakaja kufunga kwa ukarabati mkubwa, wakafungua tena Oktoba 2016 na mpangilio mpya kabisa. Watoto wanapapenda, watu wazima wanapapenda. Wengi mtakuwa mnawajua kwa ile picha ya kondoo dume mnene iliyosambaa soshomidia Aprili 2018, ilikuwa picha ya 1962 ya kondoo wa aina ya Exmoor Horn iliyokaa kwenye nyaraka zao miaka yote hiyo, wakaiposti na maneno machache ya kushangaa ukubwa wake na dunia nzima ikacheka nao. Na 2016 kabla ya hapo kuna panya aliingia mwenyewe kwenye mtego wa maonyesho, mtego umetengenezwa na Colin Pullinger wa Selsey, una hati ya ubunifu ya 1861, hauna chambo chochote, na ukamnasa! Umri wa miaka 155 na bado unafanya kazi. Mimi ile habari ninaipenda sana kwa sababu inakuonyesha hivi vitu havikutengenezwa vya kutazamwa, mtu aliketi akafikiri panya anapitaje, akachonga mbao mpaka ikakubali.

---

Seremala Mkongwe:

Dada hapo juu kasema vizuri, mimi naongezea upande wa magari ya kukokotwa na farasi, maana pale kuna mkusanyiko mkubwa wa magari ya magurudumu manne ya mashambani na watu wengi wanayapita haraka haraka wakiyaona ni mbao tu. Simama hapo mkuu. Kaa hapo hata lisaa.

Angalia gurudumu kwanza. Kitovu cha katikati ni mbao ya mti wa elm, kwa sababu nyuzi zake zimesukana hazipasuki hata ukichimba matundu mengi ya kuingiza spoku. Spoku zenyewe ni mwaloni, huo hauoneani huruma na uzito. Ile duara ya nje imeungwa vipande vipande vya mti wa ash ambao unapinda kidogo bila kuvunjika, unakula mshtuko wa barabara. Gurudumu moja, miti mitatu, na kila mti umewekwa pale kwa sababu. Halafu juu yake inakuja tairi ya chuma, wanaifanya ndogo kidogo kuliko gurudumu, wanaichoma motoni mpaka inatanuka, watu kadhaa wanaibeba kwa koleo wanaivisha gurudumu huku mbao inatoa moshi na miali, wanamwagia maji fasta, chuma kinarudi ndani na kubana viungo vyote mpaka unasikia vinalia. Ukichelewa kumwaga maji mbao inaungua, ukikosea kipimo tairi inalegea au inavunja spoku. Hiyo ni kazi ya mhunzi na seremala kwa pamoja, hakuna aliyekuwa na ramani ya karatasi, ni macho na mikono ya miaka.

Na gurudumu halijasimama wima wa sahani, limebonyea kidogo kuelekea nje. Farasi akitembea mzigo unayumba kushoto kulia kila hatua, gurudumu bapa lingekatika spoku, hili lililobonyea linahimili. Sasa nani aligundua? Hakuna jina. Ni mafundi wa vijijini vizazi na vizazi.

Jambo lingine, ulinganishe gari la eneo moja na la jingine. La Oxfordshire lina mwili mwembamba uliopinda juu ya magurudumu kwa madaha, limepakwa njano na chini nyekundu. Yale ya Anglia Mashariki ni masanduku makubwa mazito, kule ardhi imelala tambarare na mizigo ya nafaka ni mikubwa. Plau hivyo hivyo, kuna plau la Kent la mbao, zito kupita kiasi, linavutwa na farasi wanne, linageuza udongo upande uleule ukienda na ukirudi, na walilishikilia mpaka karne ya 20 wakati viwanda vinauza maplau mepesi ya chuma. Siyo kwamba walikuwa wagumu wa kuelewa, lilikuwa linafaa kwenye ardhi yao na kwenye miteremko yao. Ukiliona hilo umeshamwona mtu, maana aliyelishika siku nzima nyuma ya farasi wanne lazima alikuwa na mwili wa aina fulani, na lazima alikuwa na kijana wa kumwongozea farasi, na huyo kijana hakuwa shule.

---

Kalamu ya Kibarua:

Mpanda Mbegu swali lako limenigusa sana maana hii ndo historia ninayoisoma kila nikipata muda, na nitakwambia kitu kimoja tu ukifanye na kitakutosha kwa kazi yako yote. Tafuta mpurio wa mkono, halafu tafuta chochote kinachohusu mashine ya kupura. Usitoke mle hujaviangalia vyote viwili.

Mpurio wa mkono ni fimbo mbili zimeunganishwa kwa ngozi, unashika moja unapiga nafaka sakafuni kwa ile nyingine. Ni kazi ya kuchosha, vumbi linajaa kifuani, unapiga kutwa nzima ndani ya ghala. Lakini ilikuwa kazi ya msimu wa baridi! Hapo ndo penyewe. Mavuno yakishaisha kibarua hana kupanda wala kupalilia wala kuvuna, kilichokuwa kinamvusha mpaka msimu mpya ni kupura. Wiki kwa wiki, posho ndogo, lakini watoto wanakula.

Mskoti mmoja anaitwa Andrew Meikle akaunda mashine ya kupura iliyofanya kazi vizuri miaka ya 1780. Ilipoanza kusambaa kusini mwa England, na hasa baada ya vita vya Napoleon kuisha 1815 wanajeshi wakarudi nyumbani kutafuta kazi, hali ikawa mbaya. Na kumbuka hao watu ardhi ya pamoja walikuwa wameshapoteza. Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi kati ya 1604 na 1914, jumla ekari kama milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England nzima. Zamani mtu wa kijijini hata kama hana shamba alikuwa na pa kuchungia ng'ombe mmoja na pa kuokota kuni, ua likapigwa, akabaki na mikono yake tu ya kuuza. Sasa na hiyo mikono ikapata mshindani kwenye ghala.

Agosti 1830 kule Lower Hardres, Kent, watu wakavunja mashine ya kupura. Moto ukasambaa kaunti hadi kaunti, marundo ya nafaka yakachomwa, barua za vitisho zikaandikwa kwa jina la Captain Swing ambaye hakuwahi kuwepo, na madai yao ukiyasoma leo ni ya kawaida kabisa, mshahara wa kumtosha mtu na familia yake na mashine ziondolewe. Hawakuua mtu. Serikali ikawajibu kwa kunyonga watu 19, karibu 500 wakapakiwa kwenye meli kupelekwa Australia, na wengine zaidi ya 600 wakafungwa jela.

Na sikiliza hili mkuu, mji huo huo wa Reading unaokwenda ndo mahakama maalumu ilikaa Desemba 1830 kuwahukumu watu wa Berkshire. William Winterbourne, kibarua wa kijiji cha Kintbury, alinyongwa pale gereza la Reading tarehe 11 Januari 1831. Ukitoka kwenye makumbusho unaweza kutembea mpaka eneo la gereza la zamani, lililoko sasa ni jengo lililokuja baadaye lakini mahali ni palepale. Kwa hiyo usiangalie mashine ya kupura kama hatua ya maendeleo tu, iangalie kama kitu ambacho watu walikubali kuhatarisha shingo zao kukiondoa. Kibao cha makumbusho kinaweza kukupa mwaka na jina la mtengenezaji. Hesabu ya ni wiki ngapi za kazi imezifuta utaipiga wewe mwenyewe ukiwa umesimama mbele yake.

---

Jicho Kavu:

Naheshimu michango yote lakini mimi nina neno la tahadhari. Makumbusho ya vijijini popote yalipo yana ugonjwa wa kupamba. Unaingia unakuta chumba cha jiko safi, kapu la kusuka, kanzu ya kibarua imetariziwa vizuri, taa ya mafuta, unatoka unawaza kumbe zamani watu waliishi kwa amani. Harufu haipo, baridi haipo, mtoto aliyekufa kwa kuhara hayupo. Vitu vilivyobaki mara nyingi ni vya wale waliokuwa na uwezo wa kutunza, masikini hakuacha kitu kwa sababu alikitumia mpaka kikaisha. Kanzu yenyewe ile nzuri iliyobaki ni ya kuendea kanisani, ile ya shambani ilichakaa ikawa tambara.

Kwa hiyo ndugu Mpanda Mbegu kazi yako ya maisha ya vibarua ukiitegemea makumbusho peke yake itakuwa na mwelekeo. Mimi ningekwambia nenda Norfolk, kuna mahali panaitwa Gressenhall, pale makumbusho ya maisha ya vijijini yamewekwa ndani ya nyumba ya masikini yenyewe (workhouse, walikopelekwa wasio na kazi wala pa kwenda), iliyojengwa 1777. Unatembea kwenye korido walizotembea watu waliokosa kazi mashambani. Baada ya sheria ya masikini ya 1834 wanaume waliwekwa kwao, wanawake kwao, watoto kwao, mke na mume wanaonana kwa ruhusa. Pale hakuna anayeweza kukupambia.

---

Kalamu ya Kibarua:

Jicho Kavu hapo kwenye nyumba za masikini nakuunga mkono asilimia zote, Gressenhall aende akiweza. Ila kanzu nakataa kuiacha ipite hivi hivi. Hata ile ya kanisani inasema mambo. Kitambaa kizito cha kitani kimekunjwa kunjwa na kushonwa juu ya mikunjo ili mtu ainame, anyooshe mikono, kivutike bila kuchanika, hiyo ni nguo iliyobuniwa na watu wanaojua kazi. Na ilipotea kwa nini? Moja ya sababu ni mashine, kitambaa kipana kinachopepea karibu na mikanda na magurudumu kinakuvuta mwili mzima. Nguo za viwandani nazo zikawa rahisi. Yani nguo peke yake inakupa hadithi ileile ya mashine bila kuigusa mashine. Tatizo siyo kitu kuwa kizuri, tatizo ni mtu kukitazama bila swali.

---

Jicho Kavu:

Hilo la nguo na mikanda limeniingia, nakubali hoja. Bado nasema asiende na moyo wa kuvutiwa tu.

---

Spana Mkononi:

Mimi ni mtu wa injini na naona hapa matrekta yanasemwa vibaya, acheni niyatetee kidogo kisha nirudi kwenye swali la muuliza.

Ukikuta Ferguson TE20, yale madogo ya kijivu, usipite. Yalianza kutoka kiwandani Coventry 1946 mpaka 1956, yakatengenezwa zaidi ya 500,000. Harry Ferguson mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima kutoka County Down. Zamani trekta lilikuwa linavuta plau kwa mnyororo au ndoano kama vile farasi, kwa hiyo ili lisiteleze lilibidi liwe zito sana, na uzito unashindilia udongo na unakula mafuta. Halafu plau likigonga jiwe au kisiki trekta linanyanyuka mbele na kumwangukia dereva mgongoni, watu wamekufa hivyo. Ferguson akaunganisha plau na trekta kwa mikono mitatu na hydroliki, plau likivuta linagandamiza magurudumu ya nyuma yashike ardhi, na ukanyanyua plau kwa kusukuma kishikio kimoja badala ya kuruka chini kulivuta. Trekta jepesi likafanya kazi ya trekta zito. Mtu mwenye shamba dogo akaweza kulinunua, na mzee wa miaka sitini akalima bila kuvunjika mgongo. Hiyo nayo ni habari ya mtu, siyo ya chuma.

Kabla ya hapo kulikuwa na mvuke, John Fowler alichukua zawadi ya paundi 500 ya Royal Agricultural Society 1858 kwa plau la mvuke. Baadaye ikawa injini mbili, moja kila upande wa shamba, zinavutana waya mnene na plau linakwenda na kurudi katikati. Injini hizo ni ghali mno, mkulima wa kawaida hanunui, kwa hiyo zikawa zinakodishwa shamba hadi shamba na timu nzima ya wafanyakazi inalala kwenye kibanda cha magurudumu wiki hadi wiki mbali na familia. Vibarua wa aina mpya kabisa. Huko nako mkuu chimba, hawaandikwi sana.

Na kama utaona jino la plau la Ransomes wa Ipswich, ujue Robert Ransome 1803 alipata hati ya jino linalojinoa lenyewe. Alimimina chuma kwenye kalibu ambayo upande wa chini unapoa haraka, ule upande unakuwa mgumu kuliko wa juu, kwa hiyo shambani juu kunalika upesi na chini kunabaki, makali hayaishi. Mlimaji akaacha kukatisha kazi kwenda kwa mhunzi kunoa kila mara. Vizuri kwa mlimaji. Mhunzi sijui alisemaje.

---

Mpanda Mbegu:

Wakuu mmenifungua macho, sikutegemea majibu ya kina hivi. Hiyo ya kupura kuwa kazi ya baridi sikuwahi kuisikia darasani kabisa, tulifundishwa mashine iliokoa muda, basi.

Maswali mawili ya mwisho. Kwanza wanawake wako wapi kwenye hii habari yote, maana mpaka sasa ni wanaume tu. Pili, nasikia pale Reading kuna chumba cha kusomea nyaraka, mwanafunzi wa nje ya chuo anaruhusiwa? Na nikiingia niombe nini?

---

Bint Mavuno:

Nilikuwa nasubiri mtu aulize hilo la wanawake! Wapo kila mahali ukiangalia kazi badala ya mashine. Maziwa, siagi na jibini ilikuwa kazi yao miaka na miaka, kwa hiyo vile vyombo vya kusukia maziwa na kukamulia jibini ukiviona ni vyao, na ni kazi ya nguvu, jiwe la kukandamizia jibini siyo la kunyanyua kwa kidole. Kuokota masazo ya nafaka baada ya mavuno pia, mama na watoto wanapita nyuma ya wavunaji, na familia masikini ilipata unga wa muda mrefu kutokana na hayo. Kupalilia, kuokota mawe shambani, kung'oa tanipu kwenye barafu.

Halafu kuna Women's Land Army. Waliundwa vita vya kwanza 1917, wakaundwa tena Juni 1939, na kufika 1943 walikuwa zaidi ya 80,000. Wasichana wa mjini, makarani, wauza duka, wanapewa suruali na buti na kupelekwa kulima, kukamua, kuendesha matrekta, kuua panya. Mshahara wao ulikuwa chini ya wa mwanaume. Walivunjwa 1950, na serikali ilikuja kuwapa beji ya heshima 2008, hebu ona ni miaka mingapi, wengi wao walikuwa wameshafariki. Wakati unaangalia trekta la miaka ya 1940 usimweke mwanaume juu yake moja kwa moja.

Chumba cha kusomea kipo na siyo cha wanachuo peke yao, mtu yeyote anaweza kuomba, cha msingi waandikie barua pepe mapema uwaambie unatafiti nini na siku gani unakuja ili wakutolee mafaili, baadhi ya vitu havikai pale pale. Wale watu wa nyaraka wanasaidia kwa moyo kweli. La kuomba namwachia Kalamu.

---

Kalamu ya Kibarua:

Sawa. Omba vitu vitatu kwa mpangilio huu.

Cha kwanza ni kumbukumbu za chama cha wafanyakazi wa mashambani. Kile chama kilianzia Norfolk 1906, George Edwards ndo aliyekianzisha, yeye mwenyewe aliwekwa kwenye nyumba ya masikini akiwa mtoto na alianza kazi ya kufukuza kunguru shambani akiwa na miaka sita hivi, kusoma alifundishwa na mkewe, baadaye akaja kuwa mbunge. Mle kwenye mafaili ya chama utakuta mambo ya mishahara, masaa, nyumba. Nyumba usiiache, maana vibarua wengi walikaa kwenye nyumba ya mwenye shamba, ukifukuzwa kazi umefukuzwa na kitanda. Hapo ndo utaelewa kwa nini watu walikaa kimya mashine zilipoletwa.

Cha pili ni picha. Wana picha nyingi mno za magazeti ya wakulima, Farmers Weekly na Farmer and Stockbreeder. Omba za miaka ya 1930 hadi 1950 za kuvuna. Hesabu vichwa shambani. Picha ya mavuno ya farasi ina watu wangapi, na ya mashine inayovuna na kupura kwa mpigo ina wangapi. Hesabu tu, usitafsiri kwanza. Mwalimu wako akiona jedwali lako la vichwa atakaa sawa.

Cha tatu ni nyaraka za viwanda, za Ransomes wanazo. Katalogi za kuuzia mashine zinaongea na mwenye shamba, kwa hiyo mle utaona wanavyomshawishi, na kwenye maneno ya kumshawishi ndo kuna ukweli, wanataja kazi ngapi atapunguza na watu wangapi hatawalipa. Muweke muuza mashine upande mmoja wa karatasi na chama upande wa pili, mwaka uleule kama inawezekana, uwaache waongee wenyewe.

Halafu kama utabaki na nafasi siku nyingine, Tolpuddle kule Dorset wana makumbusho madogo ya wale wanaume sita waliopelekwa Australia 1834 kwa kuapa kiapo cha kuungana mshahara usishuke, walisamehewa 1836 baada ya watu kuandamana. Na Weald and Downland kule Singleton, Sussex, ambako wamehamisha nyumba za zamani zenyewe, kuna na kinu cha maji cha kusaga unga cha karne ya 17. Unaingia kwenye nyumba ya kibarua unapima kwa miguu yako walikuwa wanalala wapi wote.

---

Mpanda Mbegu:

Nimeshaandika barua pepe sasa hivi, nimeomba vyote vitatu kama ulivyopanga mkuu, na nimewaambia nataka na picha za Land Army za kuendesha matrekta. Seremala Mkongwe swali dogo, yale magari ya farasi yana majina ya wenye mashamba yameandikwa mbele, je ya mafundi yanaandikwa popote?

---

Seremala Mkongwe:

Mara chache. Angalia ubao wa mbele na wa nyuma, fundi mwenye karakana yake mwenyewe wakati mwingine aliweka jina na kijiji. Kwenye chuma angalia alama ndogo za nyundo au herufi, wahunzi wengine waliweka yao. Ila vijana waliochonga spoku hawamo. Uliza wahusika wa pale wakuonyeshe faili la gari husika, ukikuta limeandikwa limetoka kijiji gani nenda kwenye orodha ya sensa ya kijiji hicho, ya 1851 au 1881, kazi za watu zimeandikwa moja moja, fundi magurudumu na wasaidizi wake utawakuta na majina, umri na watoto wao.